Alipona saratani utotoni, alipigwa mionzi: mwongozo wa kumkinga na kiharusi ukubwani

Asubuhi moja ya mwaka 2024, nyumbani Kirumba, Mwanza, mpwa wangu aliangusha kikombe cha chai. Kilikuwa cha bati, hakikuvunjika. Aliinama kukiokota kwa mkono wa kulia, vidole vikagoma kufunga. Akajaribu tena. Kisha akaniambia, "Shangazi, mkono umekufa ganzi," lakini maneno yalitoka mazito, kama ya mtu mwenye ubuyu mdomoni. Baada ya dakika ishirini hivi mkono ulirudi, akawa anacheka na kutafuta viatu awahi kazini.

Nilimkatalia. Tukaenda kituo cha afya cha karibu. Walimpima malaria, haikuonekana, wakampa dawa ya maumivu na kumwambia akapumzike. Hakuna aliyemuuliza kama aliwahi kuumwa jambo kubwa, na sisi kwa woga na haraka hatukusema. Siku mbili baadaye, kwenye hospitali kubwa zaidi, daktari mmoja alimgeuza kichwa, akapitisha kidole kisogoni na kuuliza, "Kovu hili ni la nini?"

Hapo ndipo tulipoeleza. Kwamba mwaka 2008, akiwa na miaka 8, alitolewa uvimbe nyuma ya ubongo huko Dar es Salaam, akapigwa mionzi kichwa chote na uti wa mgongo, akanyonyoka nywele, akapona. Daktari aliweka kalamu chini, akachukua mashine ya presha. 158 kwa 96, kwa kijana wa miaka 24 asiyevuta sigara. Alichopata asubuhi ile kilikuwa kiharusi cha kupita, yaani kile ambacho dalili zake huisha zenyewe, na kilikuwa kimetoa taarifa.

Mimi ni muuguzi mkunga, nimefanya kazi hii miaka mingi, na sikuwahi kuunganisha mionzi ya 2008 na kikombe cha 2024. Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya kila mzazi, shangazi, mjomba na kila shujaa mwenyewe, yaani aliyepona saratani, wa Kanda ya Ziwa aliyeambiwa "umepona, nenda nyumbani", ili siku ya kuulizwa habari ya kovu isiwe siku ya kwanza ya kulifikiria.

Kwanza jua kama inakuhusu

Si kila mtoto aliyepona saratani ana hatari hii. Inategemea mionzi ilipigwa wapi na kwa dozi gani. Wanaohusika zaidi ni waliopigwa mionzi kichwani kwa sababu ya uvimbe wa ubongo. Wanafuata waliokuwa na saratani ya damu na kupigwa mionzi kichwani kama kinga, jambo lililokuwa la kawaida zamani na siku hizi limepungua sana. Wapo pia waliopigwa shingoni na kifuani kwa ugonjwa wa Hodgkin, ambao ni saratani ya tezi za limfu, vijana waliotibiwa saratani ya nyuma ya pua, na waliopigwa mionzi usoni au jichoni. Shingo isidharauliwe, kwa maana mishipa mikubwa inayopeleka damu kwenye ubongo inapita pale, kulia na kushoto.

Kuna kundi lingine ambalo watu hulisahau. Ni watoto waliokuwa na saratani ya figo, wakatolewa figo moja na kupigwa mionzi tumboni. Mionzi yao haikugusa ubongo, ila figo na mishipa yake ikidhurika, presha hupanda, na presha ndiyo mlango mkuu wa kiharusi.

Sasa nizungumze na wazazi wengi wa pembezoni mwa Ziwa ambao watoto wao walivimba taya au tumbo wakaambiwa ni Burkitt. Saratani hii ni ya huku kwetu kabisa: daktari Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 akiwa Uganda, na inafuata maeneo yenye malaria nyingi. Tiba yake kuu ni dawa za dripu. Kama mwanao alitibiwa kwa dripu peke yake bila mashine ya mionzi, hatari ninayoeleza hapa si yake. Ana mambo yake ya kufuatilia, hasa moyo ikiwa alipewa ile dawa nyekundu ya dripu (doksorubisini), lakini usibebe mzigo usio wako.

Mambo mawili huongeza uzito. La kwanza ni seli mundu, ambayo Kanda ya Ziwa imejaa na ambayo yenyewe huleta kiharusi kwa watoto. Shujaa wa saratani mwenye seli mundu afuatiliwe kwa karibu zaidi. La pili ni ugonjwa wa kurithi uitwao nyurofibromatosi, unaojulikana kwa madoa mengi ya rangi ya kahawa mwilini na vinundu vya ngozi. Mishipa ya ubongo ya watu hawa huathirika haraka zaidi na mionzi.

Kinachotokea ndani ya mshipa

Mionzi iliua seli za saratani, lakini ilipita pia kwenye mishipa ya damu. Ndani ya mshipa kuna utando laini sana unaofanya damu iteleze. Utando huo ukichomwa hujitengeneza vibaya: unakakamaa, unanenepa kwa ndani, na njia inazidi kuwa nyembamba mwaka hadi mwaka. Anayekaa mlimani Bugarika na kulijua bomba la zamani lenye kutu ananielewa. Nje bomba ni zima, maji yanatoka, ila kila mwaka yanapungua kidogo, hadi siku kipande cha kutu kinapoziba kabisa.

Kwenye ubongo mshipa mkubwa ukisinyaa, mwili hujaribu kuota vimishipa vidogo vya kuzunguka. Kwenye picha vinaonekana kama moshi, ndiyo maana Wajapani waliuita ugonjwa huo moyamoya. Vimishipa hivyo ni dhaifu, vinaweza kuziba na vinaweza kupasuka. Mionzi inaweza pia kuacha vifundo vya mishipa vinavyovuja damu polepole. Kwa hiyo shujaa wetu anaweza kupata kiharusi cha kuziba au cha kuvuja, na huwezi kuvitofautisha kwa macho. Kumbuka hili, litarudi tukifika kwenye aspirini.

Utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada uitwao Childhood Cancer Survivor Study umewafuatilia maelfu ya watu waliougua saratani utotoni katika miaka ya 1970 na 1980. Kati ya waliopigwa mionzi kichwani kwa dozi ya grei 50 au zaidi (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi), waliopata kiharusi ndani ya miaka 10 walikuwa takriban mmoja kati ya mia. Ilipofika miaka 30 walikuwa 12 kati ya mia. Soma tena namba hizo. Hatari haiishi kadiri miaka inavyokwenda, inapanda, na inapanda wakati ambapo kliniki ya watoto imeshakutoa kwenye daftari lake. Ikilinganishwa na wenzao ambao hawakupigwa mionzi kichwani, waliopata grei 30 hadi 49 walikuwa na hatari ya karibu mara 6, na wa grei 50 kwenda juu mara 11.

Lakini namba ninayoipenda kuliko zote kwenye utafiti huo ni ya presha. Shujaa mwenye presha ya kupanda alikuwa na hatari ya kiharusi mara 4 zaidi. Naipenda kwa sababu mionzi ya 2008 hatuwezi kuitoa, na presha tunaweza kuishusha.

Hatua ya kwanza: tafuta karatasi ya matibabu

Kabla ya dawa, kabla ya chakula, tafuta muhtasari wa tiba. Siku hizi hospitali ya Bugando, Mwanza, wana tiba ya mionzi, lakini waliotibiwa zamani kidogo kutoka Mwanza, Geita, Mara, Simiyu na Kagera walipelekwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, kwa hiyo faili linaweza kuwa huko. Anza kwa kutafuta kadi ya zamani yenye namba ya usajili wa mgonjwa. Mara nyingi ipo kwenye sanduku la bibi pamoja na vyeti vya ubatizo na risiti za ada. Ukiwa na namba hiyo, nenda kliniki ya saratani iliyo karibu nawe, waombe wakuandikie barua ya kuomba muhtasari. Ombi la hospitali kwa hospitali huenda haraka kuliko la mtu mmoja.

Muhtasari uwe na aina ya saratani na tarehe iligunduliwa, upasuaji uliofanyika, dawa zilizotumika, mionzi ilipigwa sehemu gani, jumla ya dozi, idadi ya vipindi, na tarehe ya kipindi cha mwisho. Kama kuna mrija wa kutoa maji kichwani, uandikwe. Dozi huandikwa kwa kifupi cha Gy, yaani grei. Ukikuta 5400 cGy usishtuke, gawanya kwa 100, ni grei 54.

Faili likiwa limepotea, msikate tamaa. Mkalishe chini mama aliyelala wodini na mtoto, umuulize taratibu. Mtoto aliingia kwenye mashine siku ngapi? Alitengenezewa kinyago cha plastiki cha kushika kichwa? Nywele zilitoka wapi, kichwa chote au kipande? Kwa kawaida kipindi kimoja cha siku ni kati ya grei 1.8 na 2. Mama akisema "tulikwenda siku thelathini, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki sita", daktari ataelewa kwamba ni grei 54 hadi 60 hivi. Ni makadirio, lakini yanamtosha kuamua kwamba huyu ni wa kufuatiliwa kwa karibu. Mama yake mpwa wangu alikumbuka hadi rangi ya kinyago.

Karatasi ikipatikana, piga picha kwa simu, tuma kwa ndugu wawili kwa WhatsApp, nakala moja iwekwe plastiki ikae kwenye pochi. Kisha jifunzeni sentensi moja, shujaa aijue kama jina lake: "Nilikuwa na saratani utotoni, nilipigwa mionzi kichwani, grei kadhaa, mwaka fulani." Isemwe kila dirisha: zahanati, duka la dawa, kliniki ya wajawazito, kwa daktari wa meno. Hata kama umekuja kwa mafua.

Hatua ya pili: presha, na hapa sitaki haraka

Shujaa aliyepigwa mionzi kichwani, shingoni au tumboni apimwe presha angalau mara moja kwa mwaka maisha yake yote, hata akiwa na miaka 15. Nimeona wahudumu wakimpita kijana kwenye foleni kwa sababu "wewe bado mdogo". Omba kupimwa. Ukikataliwa, toa karatasi yako.

Ikiwezekana nunueni mashine ya nyumbani ya kufunga mkono wa juu, siyo ile ya kiganja. Upimaji wenyewe una adabu yake. Usipime ukitoka kupanda mlima au kubeba ndoo. Dakika 30 kabla, usinywe chai ya rangi wala kahawa, usivute sigara. Nenda haja ndogo kwanza. Kaa kwenye kiti chenye egemeo, miguu yote miwili chini bila kukunja nne, tulia dakika tano kimya. Mkono ulale juu ya meza, usawa wa moyo, mkanda ufungwe kwenye ngozi na siyo juu ya sweta. Mkanda uwe wa saizi yako: mdogo kwenye mkono mnene hudanganya kwa kupandisha namba, mkubwa kwenye mkono mwembamba hudanganya kwa kushusha. Pima mara mbili kwa kupisha dakika moja, andika zote mbili kwenye daftari, pamoja na tarehe na saa. Usiongee wakati mashine inavuta. Mpwa wangu alikuwa akijibu simu huku anapima, tukapata namba za kututia wazimu.

Mtu mzima akiwa 140 kwa 90 au zaidi kwa siku tofauti, hiyo ni presha ya kupanda. Kwa shujaa wa mionzi, hata 130 kwa 80 inayojirudia nenda nayo kwa daktari, usisubiri ifike 140. Kwa watoto wadogo namba hutegemea umri na urefu, hivyo asome daktari.

Halafu kuna lile jambo la dawa. Mtu anaanza kumeza, baada ya miezi miwili presha inasoma 122 kwa 78, anaacha, anasema amepona. Hajapona. Namba ni nzuri kwa sababu ya kidonge. Wengine huogopa kuanza kwa sababu "ukianza hutoki". Ni kweli wengi hawatoki, lakini nimewahudumia watu waliotoka, na baadhi yao nimewalisha kwa mpira wa puani. Dawa ikikuletea kikohozi, kizunguzungu au kuvimba miguu, rudi ubadilishiwe, zipo za aina nyingi.

Hatua ya tatu: yanayokwenda pamoja na presha

Mara moja kwa mwaka daktari amchunguze shujaa mishipa ya fahamu: nguvu za mikono na miguu, macho, mwendo, kumbukumbu. Aliyepigwa mionzi shingoni asikilizwe shingo kwa kipimo cha kusikilizia moyo, maana mshipa uliosinyaa huvuma. Miongozo ya Children's Oncology Group ya Marekani, kundi la wataalamu wa saratani za watoto, inataka waliopata grei 40 au zaidi shingoni wafikiriwe kupigwa picha ya utrasaundi ya mishipa ya shingo miaka 10 baada ya tiba. Utrasaundi haina mionzi. CT, yaani picha ya eksirei ya kompyuta, inayo, kwa hiyo msiende kujipigisha CT ya kichwa kila mwaka kwa wasiwasi, hiyo iagizwe na daktari kwa sababu.

Sukari na mafuta ya damu vipimwe. Pia homoni. Mionzi ya kichwa hudhoofisha tezi iliyo chini ya ubongo, na mionzi ya shingo hudhoofisha tezi ya koo. Tezi ya koo ikilegea mtu anachoka, ananenepa, anasikia baridi hata mchana wa Mwanza, na mafuta ya damu yanapanda. Watu humwita mvivu, kumbe ni kidonge kimoja kwa siku anachokosa.

Kwa upande wa chakula, sisi wa Ziwa tumebarikiwa. Sato na sangara wabichi, dagaa wa kuanikwa, matembele, mlenda, michembe, vyote vile karibu na mlango. Adui ni chumvi. WHO inashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, ambazo ni kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote vya siku nzima. Kayabo, yaani sangara wa chumvi, hata ukiloweka na kumwaga maji, bado ana chumvi ya kutosha familia nzima, kwa hiyo mezani kwa shujaa awe mgeni wa nadra. Viungo vya paketi vya mchuzi navyo vimejaa chumvi. Kopo la chumvi litoke mezani libaki jikoni.

Sigara ni hapana, hata moja, na hapa sina la kujadiliana. Gongo vilevile. Mazoezi ni dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kutoa jasho, na kwa anayepanda na kushuka milima ya Mabatini au Igogo kila siku, nusu yake imeshatimia.

Hatua ya nne: kwa mabinti

Hapa naongea kama mkunga. Vidonge vya majira vya mchanganyiko vina estrojeni, na estrojeni huongeza uwezekano wa damu kuganda. Kwa binti aliyepigwa mionzi kichwani au shingoni, hasa mwenye presha, asichukue vidonge hivyo dirishani bila kusema ile sentensi yake. Kitanzi na kijiti havina estrojeni, na mara nyingi ndivyo vinavyofaa. Sindano ina mjadala wake, muulizeni daktari. Maumivu ya kichwa ya upande mmoja yanayoanza kwa kuona nyota au mwanga ni sababu nyingine ya kukaa mbali na estrojeni.

Akitaka kuzaa, azae, mabinti wengi waliopona huzaa vizuri. Lakini aje kabla ya mimba. Baadhi ya dawa za presha, kama enalapril na losartani, humdhuru mtoto tumboni na hubadilishwa mapema. Akishika mimba aanze kliniki mwezi wa kwanza au wa pili, asisubiri tumbo lionekane, na ajifungulie hospitali yenye chumba cha upasuaji. Kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, kuvimba uso: hiyo ni safari ya hospitali siku hiyohiyo. Namba 115 ya m-mama ni ya bure kwa usafiri wa dharura wa mjamzito na mtoto mchanga.

Hatua ya tano: rekodi video akiwa mzima

Hili nimejifunza kwa machungu. Mashujaa wengi wa uvimbe wa ubongo wamebaki na alama: mdomo umependa upande, jicho linatazama kando, mwendo wa kuyumba, maneno ya polepole. Siku ya dharura mhudumu atauliza, "Hivi ndivyo alivyo siku zote?" na kama aliyempeleka ni jirani au dereva wa bajaji, hana jibu.

Kwa hiyo chukua simu leo. Mrekodi kwa dakika moja, mchana, uso wote uonekane. Atabasamu akionyesha meno. Anyooshe mikono yote miwili mbele, viganja juu, afumbe macho na kuhesabu hadi kumi. Aseme jina lake, anapoishi na siku ya leo. Atembee hatua kumi kwenda na kurudi. Hifadhi ile video pamoja na picha ya karatasi ya matibabu, na uirudie kila mwaka.

Dalili zenyewe ni rahisi kukumbuka kwa kufuata video hiyohiyo. Uso umeanguka upande mmoja kuliko kawaida yake. Mkono mmoja unashuka wenyewe. Maneno yanakwama, au anaongea mambo yasiyoeleweka. Ongeza hizi: kupoteza kuona ghafla, kuyumba ghafla, kichwa kuuma kwa kishindo kuliko wakati wowote, degedege kwa mtu ambaye hana historia yake. Neno la kushika ni ghafla.

Wapo waliopigwa mionzi ambao baada ya miaka hupata vipindi vya kichwa kuuma vikali pamoja na udhaifu wa upande mmoja vinavyofanana kabisa na kiharusi, halafu vinaisha. Hilo atalitambua daktari kwa vipimo. Nyumbani kila kipindi kichukuliwe kuwa ni kiharusi.

Hatua ya sita: saa yenyewe ikifika

Tazama saa. Andika ni lini mara ya mwisho alionekana mzima. Ikiwa aliamka hivyo asubuhi, basi andika saa aliyolala. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya masaa manne na nusu tangu dalili zianze. Haipatikani kila hospitali, lakini hata pasipokuwa nayo, kuwahi kunaokoa ubongo: oksijeni, sukari, presha na kumeza husimamiwa mapema.

Mlaze kwa ubavu kama amelegea au anatapika. Usimpe chochote mdomoni, iwe maji, uji, tangawizi au dawa. Koo linaweza kuwa limepooza, na uji ukaingia mapafuni. Usimpe aspirini. Kumbuka nilisema mishipa yake inaweza kuziba au kuvuja. Ikiwa inavuja, aspirini itaongeza kuvuja, na ni picha ya kichwa, kama CT, itakayosema. Usimpe vidonge vya presha vya bibi ili "ishuke haraka", kwa kuwa ikishuka ghafla sehemu ya ubongo iliyobaki na damu kidogo inakosa kabisa. Usimtoboe vidole, usimkande kwa mafuta ya moto.

Najua kuna nyumba ambazo mtu akianguka upande mmoja, neno la kwanza ni kwamba ametupiwa kitu. Sitagombana na imani ya mtu usiku wa msiba. Ninachoomba ni mpangilio: hospitali kwanza, mengine baadaye. Maombi yanafanyika hata ndani ya gari, na wazee wanaweza kukaa kikao wakati CT inasomwa.

Safari ipangwe kabla. Leo, siyo usiku ule, ulizeni hospitali zenu ipi ina CT inayofanya kazi usiku na Jumapili. Bodaboda si chombo cha mtu aliyepooza nusu, atakuponyoka. Tafuta bajaji au gari, watu wawili wamshike. Wa Sengerema na Geita, tangu Juni 2025 Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo hadi Busisi limefunguliwa, na kile kilio cha kusubiri kivuko usiku huku mgonjwa amelala nyuma ya gari kimeondoka. Wa Ukerewe, Ukara na Kome bado mna maji mbele yenu. Kwenu namba ya mwenye boti ya injini iwe ukutani, bei mmeshakubaliana, na akiba ya mafuta ipo. Pigeni simu hospitali mnayokwenda mkiwa bado majini.

Mkifika mapokezi msianze na habari ya usajili. Semeni: "Kiharusi, kimeanza saa fulani, alipigwa mionzi kichwani utotoni." Onyesha karatasi. Onyesha video. Waombe wapime sukari hapohapo, kwani sukari ikishuka sana huiga kiharusi na hutibika kwa dakika chache.

Dalili zikipita zenyewe

Hapa ndipo watu wengi hupotea, na ndipo sisi tulipopotea. Mkono umerudi, maneno yamerudi, kazi inasubiri. Dalili zilizopita zina maana kwamba mshipa uliziba kidogo kisha ukafunguka, na hatari ya kiharusi kamili ni kubwa zaidi katika siku mbili za mwanzo. Zile siku mbili mpwa wangu alizimaliza akipakua mizigo soko la Mwaloni. Nikizikumbuka bado nasisimka mwili. Nenda siku hiyohiyo, hata kama mgonjwa anacheka.

Akishapata kiharusi

Fiziotherapia ianze mapema, akiwa bado wodini hali ikitulia, na iendelee nyumbani. Apimwe kumeza kabla ya kulishwa. Kama kilikuwa cha kuziba, daktari atampangia dawa ya kuzuia damu kuganda na pengine ya mafuta ya damu, na sasa aspirini inaweza kuwa sawa kwa sababu CT imeshasema. Katika ule utafiti wa Marekani na Kanada, takriban mmoja kati ya watano waliopata kiharusi cha kwanza alipata cha pili ndani ya miaka 10, na kwa waliopigwa grei 50 au zaidi ilikuwa mmoja kati ya watatu. Kwa hiyo usikubali kuruhusiwa kurudi nyumbani bila tarehe ya kliniki iliyoandikwa, jina la anayehusika na presha yake, na dawa za mwezi mzima mkononi.

Mpwa wangu anapima Jumatano na Jumamosi. Wiki hii ilikuwa 126 kwa 80 na 124 kwa 78. Karatasi yake imekunjika pembeni kwa kutolewa kwenye pochi, inabidi tuipeleke tena ikawekwe plastiki mpya.